Mama Pumzi na Kikohozi Kilichobaki Jukwaani

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mama Pumzi anastaafu kutoka ukumbi wetu wa maigizo. Sisi waitikiaji wake tumeombwa tuandike wasifu huu. Tumekubali kwa sauti moja, maana sauti nyingine hatuna.

Aliajiriwa kukata tiketi. Wakati huo mwongozaji wetu alikuwa ameingiwa na wazimu wa tamthilia za Wagiriki wa kale, na kila mtu alimwona amepotea njia: nani atoke nyumbani kwake akawatazame wafalme waliokufa zamani, tena wamevaa mashuka? Siku ya kwanza watazamaji walikuwa wachache kuliko sisi. Mama Pumzi, kwa kukosa wa kumkatia tiketi, aliingia kusikiliza. Alitoka akisema hadithi ni nzuri, ila wale wazee wa pembeni wanaongea kama soko lililovamiwa na nyuki. Wazee wa pembeni ndio sisi. Wiki iliyofuata akawa kiongozi wetu.

Kwa asiyetujua: katika tamthilia hizo, mwitikiaji huona balaa likija, hulililia kwa ufasaha, kwa sauti moja na wenzake, na hafanyi lolote. Kazi hiyo tunaimudu hata majumbani mwetu. Tulichoshindwa ni kuanza pamoja. Mama Pumzi akaleta dawa: yeye huvuta pumzi ya nguvu, nasi tunavuta naye, kisha tunasema. Akili yetu wenyewe haikuhitajika tena.

Ndiyo maana, katika tamthilia ya mji uliopatwa na tauni, alipopaliwa na vumbi la mapazia akakohoa, sote tulikohoa. Kwa pamoja, kwa nidhamu ya hali ya juu. Tulitamani ardhi ipasuke itumeze. Lakini ulikuwa mwaka ule ambao ugonjwa ulikuwa umepita katika nyumba nyingi, na ukumbi haukucheka. Baba mmoja aliyekaa nyuma alianza kulia, mkewe akamshika mkono. Gazeti likasifu ujasiri wetu wa kukohoa. Kikohozi hicho kimebaki mchezoni mpaka leo, nasi hupokea sifa zake bila haya.

Siku hizi ukumbi hujaa. Mfalme akionywa na kuziba masikio, watazamaji hutazamana. Kila mtu anamjua mfalme wa namna hiyo, na wengine wameolewa naye. Mama Pumzi husema tamthilia hizi hazijazeeka, waliozeeka ni sisi.

Jumanne iliyopita alikataa kupanda jukwaani. Alikaa kwenye viti akatutaka tufanye mazoezi bila yeye, kwa kuwa Julai haiko mbali. Mfalme akamaliza maneno yake, zamu yetu ikafika, na kila mmoja akamngoja mwenzake. Fundi taa akauliza kama tumesusa. Hatukususa, tuliogopa. Ndipo kutoka kwenye viti kikasikika kikohozi kidogo. Tukavuta pumzi, tukaanza, na wengine wetu walitokwa na machozi mahali ambapo tamthilia haitaki machozi.

Asante, Mama Pumzi, kwa kutufanya sisi wengi tuwe kitu kimoja. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua lipande, ufurahie wajukuu wanaoongea kila mmoja lake. Tunakuombea afya na pumzi ndefu. Kiti cha mstari wa mbele ni chako, bila tiketi. Ukiona tumekwama, kohoa kidogo. Tutakusikia.