Papa Zagabe Marcellin, Aliyewachorea Viongozi Sura

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi Carine, mtoto wake wa pili, ninawasomea kwa niaba ya familia maisha ya Papa yetu, na kila tarehe nimeihakikisha kwenye karatasi zake.

Papa Zagabe Marcellin alizaliwa Luberizi, tarehe 9 Machi 1968, katika familia ya walimaji wa mpunga, na huko huko, mwaka 1979, mundu ulimkata kidevuni, akabaki na kovu la sentimita mbili, ambalo ninaomba mlikumbuke. Alisoma shule ya msingi Luberizi, sekondari hapa Bukavu, akapata diploma ya Serikali mwaka 1988, kisha akasomea uchoraji Kinshasa hadi 1993. Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na Maman Georgette, wakabarikiwa watoto watatu, Hugues, mimi na Olive.

Tangu 1996, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Nguba, alitengeneza nembo, rangi na herufi za maduka, shule na parokia. Mwaka 2020, kwa miaka sitini ya uhuru, kamati moja ilimwomba awatengenezee viongozi wa zamani alama zao, kila mmoja na rangi yake, herufi zake na sura yake, vya kuchapishwa kwenye vikwembe, yaani vitenge, kofia na daftari, ili watoto wawatambue kama wanavyotambua sabuni. Wanne walikuwa na picha. Wa tano, Muzee Philémon Bulonza, aliyefariki 1961 akiwa na miaka 56, hakuwa na picha hata moja, ila mpwa wake, Maman Micheline wa kisiwa cha Idjwi, alikumbuka mashavu yaliyoingia ndani na kope ya kushoto iliyolala. Papa alisimamisha kioo mezani, akachora sura yake mwenyewe, akaiongezea miaka, mashavu na kope hiyo, akaondoa kovu. Maman Micheline alipoiona alilia, akasema ni yeye kabisa, na Papa hakuthubutu kumwambia ni sura ya nani.

Tarehe 11 Mei 2022 alipata kiharusi, kope ya kushoto ikalala, haikuinuka tena, na mashavu yakaanza kuingia. Machi 2023, alipokwenda kuchukua kadi ya mpiga kura, karani aliitazama picha aliyotoka kumpiga, akasema: "Papa, hii haiko wewe, hii ni muzee wa kwenye kikwembe!" Watu wa mstari walicheka, Papa pia alicheka, lakini alipofika nyumbani alifunika kioo kwa shuka, akatuomba jambo moja tu, tusimzike kwa sura ile.

Figo zilichoka, na Jumatano tarehe 16 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, alituaga, akiwa na miaka 56.

Picha iliyo juu ya sanduku ni ya ndoa. Mliovaa vikwembe vya kamati mmekuja kwa heshima, tunawashukuru, ila mjue kwamba anayezikwa leo ni Zagabe. Jana, tulipomvalisha, nilitafuta kovu la kidevuni, nikaomba taa, nikatafuta tena, sikuliona. Maman alipitisha kidole polepole, akasimama mahali pamoja, akasema: "Iko hapa, Carine, andika." Nimeandika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nguba walioketi nasi kilioni, wachapaji aliofanya nao kazi, na Maman Micheline, aliyevuka ziwa leo asubuhi, ambaye tunamwomba msamaha mbele yenu wote, kwa kuwa Papa hakuwahi kumwambia ukweli.

Pumzika kwa amani, Papa, kwa jina lako, na kovu lako.