Kurasa Mbili za Mwalimu Saumu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Saumu Chepkorir wa Elburgon. Alizikwa Jumamosi iliyopita. Sina maneno matamu ya kuwapa, msiba huu umeniuma.

Mwalimu Saumu alisomesha wasichana hadithi za Mtume, katika chumba cha mabanzi nyuma ya nyumba yake. Alikuwa na ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha kitabu. Ijaza haina mtihani. Unamsomea mwalimu wako kitabu kizima, naye anasikiliza kila neno. Ukikosea, ukurasa huo unaurudia siku nyingine; ukimaliza, anakuandikia kwamba amekusikia. Yeye aliipata kwa nyanyake, na nyanyake kwa mwanamke mwingine.

Kuna waliomcheka, eti mwanamke na vitabu vya dini wapi na wapi. Aliwajibu: "Zamani, huko Dameski na Kairo, wanaume wazima walisafiri kuenda kusomea wanawake. Nyinyi mnashangaa nini?"

Alibakiwa na mwanafunzi mmoja, Cheruto, binti ya dadake. Wengine waliolewa, wengine wakaenda kuchuma maua Naivasha. Cheruto alisoma miaka minne. Julai hii, kifua kilichokuwa kikimsumbua Mwalimu kikazidi. Alijua siku zake zimekwisha, na alitaka sana kuiacha ijaza ile mikononi mwa mtu. Zilibaki kurasa mbili. Kurasa mbili tu.

Alhamisi Cheruto akaja, akajikwaa kwa neno moja. Mwalimu akafunga kitabu. "Rudi Jumamosi."

Dadake Mwalimu anasimulia: "Nilimwambia, Saumu, si umwandikie tu huyu mtoto? Si unaona vile uko? Akaniambia, nikiandika nimesikia chenye sijasikia, nitakuwa nimedanganya kwa jina la wamama wote wenye walinitangulia."

Ijumaa jioni akafariki. Jumamosi asubuhi wakamzika.

Baada ya mazishi Cheruto aliingia kile chumba peke yake. "Nilisoma zote mbili," anasema. "Nikamaliza. Lakini hakuna mtu wa kuniambia kama nimekosea."

Kwa Cheruto, mamake na jamaa wote wa Elburgon, poleni sana. Mungu amrehemu Mwalimu.

Nawe unayenisikiliza, jiulize: ungekuwa wewe, ungeandika? Mimi ningeandika, tena haraka. Labda ndiyo sababu hakuna aliyewahi kuniachia kitu cha kulinda.