Jua la Mgongoni mwa Ephraim Semkiwa

Ndugu, jamaa, na majirani wa Penrith mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza fundi wetu, familia imenituma mimi Rufus, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye kama angeamka sasa hivi angeanza kwa kukagua mavazi yenu.

Ephraim Semkiwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Muheza, mkoani Tanga, mtoto wa katekista, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha akapelekwa Tanga mjini kwa mjomba wetu, barazani Barabara ya Kumi na Mbili, kujifunza kazi ya cherehani.

Mwaka 1974, sinema moja pale mjini ilikuwa ikitanguliza filamu fupi za waimbaji wa disko na soul kabla ya picha kubwa, wamevaa suruali za bugaluu zinazofagia sakafu, makoti yenye kola pana, mashati ya kumeremeta yaliyoachwa wazi hadi kifuani, na viatu vya raizoni vyenye soli nene, na marehemu aliingia mle na chaki ya fundi, akichora mishono gizani juu ya paja la suruali yake, hata vijana wa Ngamiani wakamjua kwa paja jeupe. Tatizo lilikuwa moja, waimbaji wale waliitazama kamera mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyegeuka, naye akaamini kwamba watu waliojipamba hivyo mbele hawawezi kuwa watupu nyuma, basi kila koti akalidarizia mgongoni jua la uzi wa manjano, miale yake ikifika mabegani. Tanga nzima ikaamini ndio mtindo wenyewe wa Marekani, na aliyekwenda disko bila jua akaonekana mshamba.

Kwenye foleni ya dansi moja, Bi Eunike alisimama nyuma ya kaka, na hadi leo husema alilipenda jua kabla hajaiona sura, na alipoiona sura akaona si haba. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1978, bwana harusi akiwa na suti ya rangi ya maziwa aliyoishona mwenyewe, jua likiwa mgongoni, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jacky, mwaka 1981, na Masumbuko, mwaka 1985.

Jacky, ambaye ni muuguzi, aliwaleta wazazi wake hapa Sydney, Australia, mwezi Februari 2004, na kaka akashona maturubai ya malori katika kiwanda kimoja cha Wetherill Park hadi alipostaafu mwaka 2019. Krismasi ya mwaka 2012 Jacky alimwekea video zile za zamani kwenye televisheni, na katika mojawapo mwimbaji akageuka, mgongo wake mtupu kabisa, kaka akaomba irudishwe, akatazama tena, kisha akasema jamaa wale wangepitia Tanga kwanza.

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akakonda sana, na mwezi Mei mwaka huu wa 2025 lile koti la harusi, lililokuwa limemkataa kwa miaka mingi, likamkaa sawasawa, naye akamwomba mkewe amzike nalo likiwa zima. Alifariki Jumatano, tarehe 4 Juni, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Bi Eunike.

Msichana wa huduma za mazishi alitueleza kwa upole kwamba wao hupasua koti mgongoni ili kumvisha marehemu kwa urahisi, na kwamba hakuna atakayeona. Shemeji yangu Eunike akamjibu kwamba yeye alianzia nyuma kumpenda, akaomba maji ya kunawa, na mama na binti wakamvisha wenyewe, polepole, mkono mmoja baada ya mwingine, pasipo kukata hata uzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea chakula bila kuombwa, na wenzake wa kiwandani walioomba ruhusa ya zamu kuja kumbeba. Mtakapopita kumuaga mtaona kola na vifungo tu, lakini jua lipo, ni zima, na amelilalia.

Pumzika kwa amani, kaka, mkeo anajua kilichopo mgongoni.