Wakili Ametoka na Kofia Kichwani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Utetezi wa Imani katika chuo chetu cha theolojia, mwalimu tunayemwita Wakili anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Wasifu wake nilikuwa nimeshaumaliza, umejaa vichekesho kama alivyoagiza Mkuu wa Chuo. Kisha likaja somo lake la mwisho, na tangu siku hiyo walimu tunapishana kwenye korido kama watu waliomwagiwa maji ya baridi. Imebidi niandike upya.

Nianze na yasiyo na ubishi. Wakili hakuwahi kuwa wakili. Alikuwa karani wa mahakama, na kazi hiyo ilimkalisha mbele ya meza ya hakimu akisikiliza watu wakishindwa kesi ambazo wangeweza kushinda. Aligundua kwamba wengi walikuja na majibu ya kesi waliyojitungia vichwani, si ile iliyokuwa mbele yao. Alipoitwa kufundisha hapa alikuja na sheria moja, na ole wako uivunje. Kabla hujamjibu anayeipinga imani, rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka mwenyewe akubali kwa kusema, "Ndivyo." Akisema, "Sivyo," unaanza upya. Wapo wachungaji wenye makanisa makubwa leo ambao walimaliza kipindi kizima wakiambiwa sivyo.

Aliyewaambia sivyo ni yeye mwenyewe. Mkewe, aliyekuwa hodari wa kufuma, alimfumia kofia ya sufu ya kijivu kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Tusidanganyane, kofia ilikuwa mbaya. Akiivaa utadhani birika lililofunikwa lisipoe. Wakili hakutaka kumuudhi mama wa watu, basi akaipa kofia kazi. Akiivaa darasani, yeye si Wakili tena, ni Mzee Hapana, mtu asiyeamini chochote. Wanafunzi wanatetea, yeye anabomoa. Kengele ikikaribia kulia anaivua, anaitundika kwenye msumari kando ya ubao, kisha anazijibu hoja zake mwenyewe mpaka Mzee Hapana anakosa pa kushika. Mkewe alipopata habari alicheka hadi akakaa chini, akajitangaza kuwa fundi mkuu wa makafiri.

Mpinzani wake wa kweli ni daktari wa meno wa mtaa wa pili, muungwana ambaye haamini kuna Mungu na wala hafichi. Walijuana siku Wakili alipokwenda kung'olewa jino. Daktari alingoja mgonjwa wake apanue kinywa, kijae pamba na vyuma, ndipo akamuuliza nani alimuumba Muumba. Wakili akatoka bila kuweza kujibu, akazunguka jengo, akarudi na shavu limekufa ganzi, mate yanamchuruzika, akatoa hoja ndefu ambayo daktari anaapa hakuambulia hata neno. Akaombwa arudie, na wanarudiana mpaka leo. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Lakini kila mwaka daktari hufunga zahanati asubuhi moja aje kumwona Mzee Hapana, akidai ndiye mtu pekee mwenye akili timamu chuoni petu.

Hoja iliyomjengea Wakili jina ni ile ya mateso. Mtoto mchanga, alikuwa akisema, anapelekwa kuchomwa sindano. Analia, anamtazama baba yake aliyempakata, haelewi kwa nini baba anaruhusu achomwe. Kutoelewa kwake hakuthibitishi kwamba baba hampendi. Mfano huo umehubiriwa na wanafunzi wake kwenye mazishi yasiyohesabika, na umewapa watu nguvu ya kuamka kesho yake. Mimi pia niliwahi kuushika, nikanyanyuka nao.

Sasa nije kwenye somo la mwisho. Ukumbi ulijaa. Askofu alikaa mstari wa mbele, walimu nyuma yake, daktari wa meno karibu na mlango. Wakili akavaa kofia, na Mzee Hapana akauliza: kama Mungu ni mwema na anaweza yote, mbona anamwacha afe mgonjwa aliyeombewa na kanisa zima? Mwanafunzi wetu mmoja, dada tunayemwita Kengele kwa ajili ya sauti yake, akasimama. Akairudia hoja vizuri, akapewa ndivyo yake. Kisha akajibu kwa mfano wa sindano, naye mwalimu wake akamsikiliza mpaka mwisho.

"Katika mfano huo mtoto amepakatwa," Mzee Hapana akasema taratibu. "Sindano haielewi, lakini mikono ya baba anaijua. Mimi nilichomwa, na mikono sikuiona."

Kengele akabaki amesimama, mdomo wazi. Ndipo Askofu akaanza kupiga makofi, na sote tukafuata, maana uigizaji wa namna ile hatujapata kuuona. Tulipiga makofi. Kila nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Kengele ya chuo ililia na Wakili hakwenda kwenye msumari. Alikusanya vitabu vyake akatoka na kofia kichwani. Alivuka uwanja nayo, akaingia nayo bwalo la chakula, na Askofu alipoombea chakula alikaa nayo vilevile; yeye, ambaye hata mgeni rasmi humwambia vua kofia tunasali. Tulicheka kwelikweli. Tulisema mzee ameamua kututania mpaka siku ya mwisho.

Daktari wa meno alinikuta getini, akaniuliza mbona tunacheka. Nikamwambia ni mchezo wake wa miaka yote. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, anayeumwa na anayejifanya anaumwa, kazi yangu ni kuwajua. Mzee wenu anaumwa."

Hapo nikakumbuka kofia ile ilifumwa na nani. Yule mkewe tulimzika mwaka juzi, baada ya kuugua muda mrefu na kuombewa na kila aliyejua kupiga magoti. Wiki ile ile ya mazishi Wakili alirudi darasani, nasi tukasifu kwamba imani yake ni mwamba. Ilibidi mtu asiyeamini aje kunifungua macho.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwake. Alinifungulia mlango akiwa na kofia. Nilimuuliza bila kuzunguka, naye hakuzunguka kunijibu. Tangu msiba, kila alichosema Mzee Hapana kilikuwa chake mwenyewe. Majibu aliyotoa baada ya kuvua kofia aliyatoa kwa kumbukumbu tu, kama mtu anayesoma shairi alilokariri utotoni. Kofia ilimpa ruhusa ya kuuliza mbele za watu, maana mwalimu wa utetezi akiuliza hivyo kichwa wazi, nani atamwelewa? Alikuwa akitumaini siku moja mwanafunzi atasimama na kumshinda.

Nilishtuka, na sifichi, nilikasirika pia. Meza zetu zimegusana ofisini, chai tunamimina kutoka chupa moja. Mimi nafundisha historia ya kanisa. Najua mashaka ya watu waliokufa karne nyingi zilizopita, na ya jirani yangu sikuyajua. Nikamuuliza kwa ukali kidogo, basi kila Jumapili unafuata nini kwenye benchi lile lile? Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyesinzia.

"Mtu hatoki kwenye mjadala kabla mwenzake hajajibu," akasema. "Nimeuliza. Nasubiri."

Wanafunzi aliwaambia mwenyewe. Wakaenda kwake wakiongozwa na Kengele, nami nikafuatana nao. Walitaka kufuata sheria yake, hivyo walianza kwa kuirudia hoja. Wa kwanza alieleza vizuri ila akamalizia na neno "lakini", akaambiwa sivyo. Wa pili akasema mwalimu ameacha kuamini. Sivyo, tena kwa hasira. Mwishowe Kengele akaongea, na safari hii kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo.

"Mwalimu, unasema ulimwomba Mungu, hukusikia kitu. Bado unamwomba, na bado husikii kitu. Na mama unamkumbuka sana."

"Ndivyo," Wakili akasema.

Kwa sheria yake, hapo ndipo jibu hutolewa, na hakuna aliyelitoa. Kengele alisogeza kiti chake kikagusana na cha mwalimu, na wengine wakasogeza vyao, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa mezani. Wakili aliivua kofia, akaiweka magotini, akawa anapapasa nyuzi zake. Baadaye alilalamika kwamba kuna baridi, akaivaa tena.

Mkuu wa Chuo alishauri, kwa nia njema, kwamba haya yasiingie kwenye ratiba ya sherehe ya kumuaga. Wakili mwenyewe alikataa. Alisema wasifu ni hoja kama hoja nyingine, mhusika asomewe kwanza. Kwa hiyo nimemsomea wote, neno kwa neno. Alisema ndivyo tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale nilipoandika kwamba kofia ilikuwa mbaya. Hapo alisema sivyo, na hakutaka mjadala.

Asante, Mwalimu, kwa kutufundisha kusikiliza kabla ya kujibu, hata kama umetuacha vinywa wazi. Tunakutakia mapumziko ya amani, afya, na meno imara ya kubishana na daktari wako. Kofia nenda nayo. Msumari tumeagiza mtu yeyote asiung'oe. Siku utakayojibiwa, njoo utuambie. Na kama bado hujajibiwa, njoo vilevile, kiti chako tumekiweka katikati ya vyetu.