Mama Masika Akabidhi Kopo la Mbegu

Tarehe 30 Juni 2024, baada ya miaka ishirini na moja ya kazi, Mama Masika Émérance anastaafu kwenye shamba letu la Munigi. Alianza mwaka 2003, wakati mawe ya volkano yalikuwa bado yanatukata viatu na watu wa Goma wanatuuliza kama kweli tumeamua kulima juu ya mawe. Alitoka Butembo na jembe moja, vitenge viwili na mdomo usiojua kubembeleza.

Kwa wageni wa sherehe hii, neno fupi juu ya kazi yetu. Familia arobaini za mjini, zetu wafanyakazi zikiwemo, hununua sehemu yao ya msimu kabla hatujapanda. Kila Jumamosi zinapata kitunga cha mboga, na mimi Achille, ninayeandika haya, ndiye ninayezipelekea kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma. Msimu ukiisha, kila familia inarudisha kitunga chake kikiwa na kopo moja la maharagi makavu iliyoyabakiza kwenye sehemu yake. Hayo ndiyo mbegu ya msimu unaofuata. Desturi hiyo aliianzisha Mama Masika, na yeye ndiye aliyekuwa akikaa mlangoni na kopo lake la bati, limefungwa kamba shingoni, akipokea.

Kupokea kwake sasa! Anachukua punje moja, anaing'ata. Ikibonyea, unarudi nyumbani kuanika tena. Ikiwa ngozi imejikunja, anajua umekaushia kwenye mbabula, jiko la makaa, kwa uvivu wa kungoja jua, na moto umeshaua mbegu. Hapo anatangaza mbele ya watu wote kwamba hayo ni maharagi ya sufuria, na unarudi nayo ukayapike. Aliyakataa ya majirani zake na ya paroko. Yangu aliyakataa mara tatu, na mara ya tatu mke wangu alikuwepo.

Mwaka 2012 msimu ulikatika kabla ya siku yake. Vita vilishuka kutoka upande wa Rutshuru, barabara ikajaa watu na magodoro kichwani, na usiku tulisikia mabomu. Komite ya shamba ilitaka kufungia mbegu zote kwenye banda letu. Mama Masika alikataa katakata. Alizigawa kopo kwa kopo katika vitunga arobaini, tukazipeleka nyumba kwa nyumba, yeye akitembea kando ya chukudu na kumwambia kila mama kwamba hizi si za kupika. Wiki ile ile shamba liliporwa hadi mlango wa banda. Tungeziacha pale, leo tusingekuwa na la kusherehekea.

Mambo yalipotulia, vitunga vilirudi na mbegu, isipokuwa kimoja. Papa Aruna Musafiri, dereva wa mtaa wa Katoyi, alikuja na kitunga kitupu, kofia mkononi. Mji ulikuwa hauna maji wala soko, na siku ya tisa ya vita alipikia watoto mbegu. Sote tuliinamisha macho tukingoja Mama Masika amshukie. Akamuuliza polepole: "Batoto beko bazima?" Papa Aruna akaitikia kwa kichwa. "Basi mbegu haikupotea," akasema, akachota kwenye gunia la wote akamjazia kitunga, ahesabiwe pamoja na wengine. Siku ile nililia, na sioni haya kuliandika.

Mmoja wa watoto wale alikuwa Kadidja, wa miaka minane. Leo ana ishirini na anafanya kazi nasi. Macho ya Mama Masika yalipoanza kuingia ukungu, tulimchagua Kadidja ashike kopo, lakini Mama Masika aligoma. Msichana ana adabu mno, alisema. Anapokea kila kitu, hata maharagi ya maji, ili asimkosee mkubwa. Mbegu mbovu ikiingia gunia moja na nzuri, mashimo yatakuwa matupu na familia arobaini zitapata vitunga vya majani. Aliapa kwamba hatatoa kopo mpaka amwone Kadidja anamkatalia mtu. Asipomwona, hastaafu, macho au bila macho.

Basi Jumamosi tarehe 22 tulifunga msimu. Kadidja alikaa mlangoni, akapokea, akapokea, hajakataa hata kimoja. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Mama Masika mwenyewe na kitunga cha nyumbani kwake. Kadidja alichukua punje, akaigeuza kwenye mwanga, akaing'ata. Akachukua nyingine.

"Mama," akasema, "haya ni ya sufuria."

Aliona aibu, mama wa watu! Ilibidi akiri mbele yetu kwamba mvua haikumpa nafasi, akayaweka karibu na mbabula usiku mmoja tu. Papa Aruna, aliyekuwa mbele yake kwenye mstari, alikwenda kwenye gunia bila kuagizwa na mtu, akachota, akamjazia kitunga. Mama Masika akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge, kisha akavua kamba ya kopo shingoni na kumvisha Kadidja.

Mama Masika, asante kwa kila msimu. Kaa salama na wajukuu zako, ule maharagi yale ya sufuria kwa raha, na msimu ukiisha mwezi wa kwanza utuletee kitunga. Kitang'atwa kama vya wengine.

Achille Kakule, kwa niaba ya wafanyakazi wote