Mama Pasi na Mwisho wa Kitabu

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna aliyeacha pasi inawaka huko nyumbani, akaizime kwanza. Tunamsubiri. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyepiga pasi maisha yake yote na kuunguza shati moja tu, na hilo nalo aliliunguza kwa sababu ya kitabu. Shati lenyewe lilikuwa la mumewe, na mume hajalisahau hadi leo.

Watu wote walimwita Mama Pasi. Alikuwa dobi. Alikuwa pia mwanzilishi wa kikundi cha kusoma cha vijana, kile kinachokutana kila Jumamosi dukani kwake, katikati ya mashati yaliyotundikwa. Mama Pasi ametutoka wiki iliyopita, kitandani kwake, katika chumba cha nyuma ya duka hilo hilo. Kwa nyinyi mliofungulia redio sasa hivi, narudia: tunamkumbuka Mama Pasi, dobi aliyewafanya vijana wapende vitabu vya zamani.

Na yeye mwenyewe alivipendaje? Sikilizeni kisa hiki. Enzi za usichana wake alikuwa akinunua karatasi kuukuu kwa kilo, za kufungia nguo za wateja. Siku moja ndani ya mzigo kulikuwa na riwaya ya zamani, jalada limeng'oka. Yeye bila wasiwasi akachana kurasa za mwanzo, akafungia suruali ya fundi rangi mmoja, na fundi akaenda zake. Mchana, alipokaa kupumzika, macho yakamwangukia ukurasa uliofuata. Akausoma. Akanogewa. Sasa mwanzo uko wapi? Mwanzo umeshaondoka na suruali ya watu!

Mama Pasi akafunga duka, akatimua mbio. Yaliyofuata anayasimulia mumewe, kwa maana huyo fundi rangi ndiye mumewe: "Nilifungua mlango nikamkuta anahema. Nikajua tu, amenipa suruali ya mtu mwingine. Akaniambia, 'Kaka, suruali kaa nayo, mimi naomba karatasi.' Na mimi muda huo nilikuwa nimekalia ndoo ya rangi, nazisoma. Nikamwambia, 'Dada, sikupi mpaka unionyeshe zilizobaki.'"

Wakakisoma pamoja. Mengine mtajijazia wenyewe.

Miaka ikapita, wakapata binti, duka likawa na wateja wengi. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya sare za shule. Vijana wa sekondari walijaa kwenye benchi wakisubiri, kila mmoja ameinamia simu yake. Mama Pasi hakuwanyang'anya simu. Alimtazama aliyekuwa karibu, akampa kitabu kimoja cha zamani, akasema, "Mimi mikono yangu ina kazi, mdomo wako hauna. Nisomee."

Shati likiisha, kusoma kumeisha. Hata kama shujaa wa hadithi ndiyo kwanza anachomoa upanga, Mama Pasi alikukabidhi nguo zako akakutakia siku njema. Matokeo yake akina mama wa mtaa ule wakaanza kushangaa. Watoto wasiojua hata kufua soksi sasa wanadai nguo zao zipelekwe kwa dobi! Mama mmoja alimfuma mwanawe chumbani amelikalia shati lililokwishapigwa pasi, anajigeuzageuza juu yake ili lijikunje vizuri.

Ndivyo kikundi kilivyoanza. Yakaongezwa mabenchi, ikapatikana rafu ya vitabu juu ya makopo ya wanga. Kijana mmoja alilalamika, "Mama, hiki kitabu ni kikongwe kuliko babu yangu." Akajibiwa, "Na babu yako umeshamaliza kumsikiliza?"

Sheria ilikuwa moja. Wote mnasoma kwa pamoja, sura moja kila Jumamosi, na hakuna kuruka mbele. Na adhabu pia ilikuwa moja. Ukileta utoro, ukichokoza wenzako, Mama Pasi aliweka pasi chini, akakuita pembeni na kukwambia, "Nakuambia sasa hivi nani anakufa." Wasikilizaji wapendwa, mijitu mizima yenye ndevu za kwanza ilikuwa inakimbia nje imeziba masikio! Binti yake, ambaye sasa ni mwalimu wa watoto wadogo, anasema hajapata kuona kiboko kinachoogopwa namna ile.

Mama Pasi aliweza kutoa adhabu hiyo kwa sababu vitabu vyote vya kwenye rafu alikuwa ameshavisoma. Vyote, isipokuwa kimoja. Kilikuwa kinene kama tofali, hadithi ya ndugu wawili waliorithi kinu cha kusagia, wakagombana, na wakaendelea kukitumia kinu hicho miaka nenda miaka rudi bila kusemeshana. Kitabu hicho alikitunza. Alisema na yeye anataka siku moja akae benchini kama wao, asijue kinachokuja. Mwaka jana akakishusha.

Sasa anaingia binti mmoja ambaye wenzake wanamwita Chapuchapu. Anasoma haraka, anaongea haraka, na mdomo wake haufungi. Ndiye aliyekuwa akiongoza ubishi: kaka mtu ana makosa, hapana, mdogo mtu ndiye mkaidi, watapatana, hawatapatana. Kisha Jumamosi moja Chapuchapu akaja, akakaa mwishoni mwa benchi, kimya kama maji ya mtungini. Wenzake wakabishana, yeye anatazama ukutani.

Mama Pasi hakuhitaji kuuliza mara mbili. Binti huyo ndiye aliyekuwa akisaidia kufagia duka katikati ya wiki, na alikuwa amekisoma kitabu chote, kidogo kidogo, ufagio ukiwa umeegemea mlango. "Umeruka mbele," Mama Pasi akamwambia. Chapuchapu akaitikia kwa kichwa. "Basi kwako sina adhabu. Umeshajiadhibu mwenyewe."

Haukupita muda mrefu, maradhi yakamwangusha Mama Pasi. Akawa wa kulala tu kule chumba cha nyuma. Vijana wakabeba mabenchi wakayaingiza humo, wakaendelea kumsomea. Lakini kila aliyemtazama aliona. Kurasa zilikuwa nyingi, na pumzi zake zilikuwa chache. Mumewe akamsihi, "Mke wangu, waambie wasome kila siku, au waruke waende mbele." Akakataa katakata. "Nimewakatalia watoto wa watu wasiruke, leo niruke mimi?"

Jumamosi iliyopita asubuhi, hata kabla vijana hawajafika, alimwomba binti yake amwitie Chapuchapu. Binti yake alikuwepo muda wote, na ndiye aliyenisimulia. Mama Pasi alishika mkono wa yule msichana akasema, "Wenzako hawatanifikisha. Niambie."

Msichana akamwinamia, akamnong'oneza sikioni. Alinong'ona kwa kirefu, taratibu, yeye asiyejua kwenda taratibu. Alipomaliza, Mama Pasi alifumba macho, machozi yakamtoka. Kisha akauliza, "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu masika, Mama."

"Na hukuwa na wa kumwambia?"

"Sikuwa naye."

"Pole, mwanangu. Umelibeba zito peke yako."

Chapuchapu aliniambia kwamba alikuwa amejiandaa kugombezwa. Kwa pole hakuwa amejiandaa, akaangua kilio mpaka shuka likalowa. Wakalia pamoja, bibi na msichana, wakiwalilia ndugu wawili ambao hawajawahi kuishi popote. Jioni ya siku hiyo Mama Pasi alifariki.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa mumewe, fundi rangi, kwa binti yake, na kwa vijana wote wa benchi. Mungu awape subira. Na wewe unayenisikiliza, jifikirie. Huenda hapo nyumbani kwako kuna kijana aliyesoma kitu kikamgusa, na hana wa kumwambia. Mwite jikoni. Mwambie, "Mikono yangu ina kazi, nisomee." Vyombo vitaoshwa tu.

Vijana hawajavunja kikundi. Wamebakiza sura mbili, na Chapuchapu bado anakaa mwishoni mwa benchi, kinywa amekifunga. Nilimuuliza kama si vigumu. Akanijibu, "Nawasubiri. Wakifika, tutalia wote."

Najua mnachotaka kuniuliza. Wale ndugu wa kinu walipatana, au hawakupatana? Mimi nimekwenda, nimekaa, nimekisoma chote. Kitabu kipo pale pale kwenye rafu, juu ya makopo ya wanga, na fundi rangi anasema duka liko wazi kila Jumamosi. Siwaambii.