Redio ya Landrova ya Mzee Kwizera

Benchi letu lilikuwa mbele ya kibanda cha Jeremia, fundi redio, pale barabara ya Benaco inapokutana na njia ya kambini. Mwaka ni tisini na tano. Malori ya mahindi ya wakimbizi yalipita kutwa, na vumbi lake tulilinywa pamoja na kahawa ya Rozina. Wa kila siku tulikuwa watatu: Nshoma, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, tuliyemwita Bibisi kwa kupenda habari, Faustini, mwenyeji, Mhangaza wa Kirushya, tuliyemwita Hakimu kwa sababu hakuna jambo asilolitolea hukumu, na mimi, mziba pancha za baiskeli.

Jumatatu moja mkimbizi mmoja anaitwa Bizimana alileta Landrova ya mwaka sitini na mbili. Kwenye dashibodi, mahali pa redio, palikuwa na tundu tupu. Jeremia akamtolea redio ya kaseti, mpya, inang'aa. Akaikataa. Alitaka ya enzi ya gari lenyewe, yenye vifungo viwili vya kuzungusha, iingie tunduni bila kukata bati. Akaenda zake kutafuta maji ya rejeta. Hapo benchi likachemka.

— Huyo ana dhahabu, alisema Nshoma. Redio za zamani ni kubwa. Mle ndani unaficha kilo nzima.

— Dhahabu gani, na mahindi anapanga foleni? Faustini akamkata. Huyo anataka kuongea na wenzake ng'ambo ya mto. Harafu tutakaoulizwa ni sisi.

— Hakimu, redio ya gari inasikia tu, haisemi, alisema Jeremia.

Nshoma akaweka kikombe chini.

— Basi nisikilizeni. Sauti haipotei. Inazunguka tu huko juu. Redio ya mwaka sitini na mbili inashika maneno ya mwaka sitini na mbili. Huyu anataka kuisikia nchi yake ilivyokuwa.

Tulitaka kucheka, tukashindwa.

— Si mumuulize mwenyewe? alisema Rozina. Huyo anakuja.

Bizimana akatuamkia shikamoo, tukaitikia, akapewa nafasi kwenye benchi. Faustini ndiye aliyeuliza.

— Kijana, kaseti ina ubaya gani?

— Gari ni la baba yangu, Kwizera. Siku tunakimbia, mama alitangulia kwa miguu na majirani. Baba akasema atafuata na gari. Mimi nililikuta kabla ya daraja la Rusumo. Mlango wazi, redio imeng'olewa. Mzee sikumkuta.

— Na mama?

— Yuko kambini. Macho yake hayaoni tena. Nikimwambia gari ni hili, anapapasa dashibodi, anakuta tundu, anasema nimeazima gari la watu nimdanganye. Kila siku anakwenda kukaa kando ya barabara, anasikiliza kama injini ya gari la baba itapita. Juzi lori limemkosakosa. Nataka aamini, arudi akae ndani.

Siku hiyo hatukubishana tena.

Kesho yake Jeremia alidandia lori hadi Runazi. Huko mzee Anastazi alikuwa na Landrova ya umri uleule, imekufa, nyasi zimeota hadi kwenye viti, lakini redio imo. Wakabadilishana: Anastazi akachukua ya kaseti.

— Na bora alivyokataa, Jeremia alituambia wakati anafunga nati nyuma ya vifungo. Magari haya, chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi, si hasi kama ya siku hizi. Ile ya kaseti ningeiunga kwa mazoea, ingeungua papo hapo.

Redio ikakaa tunduni kama iliyozaliwa humo.

Alhamisi asubuhi Bizimana alimleta mama yake, Nyirabahizi, amemshika mkono. Akamkalisha kiti cha abiria. Jeremia akazungusha kifungo. Kimya. Redio zile huchelewa kupata moto. Kisha ukaja mvumo, mkwaruzo, halafu sauti ya mtangazaji.

Mama aliinua mkono. Akakipapasa kifungo cha kushoto, kisha cha kulia, kisha akapitisha kidole kwenye kioo cha katikati. Akasema kwa lugha yao, ambayo na Kihangaza hazipishani sana, nasi tukaelewa:

— Ni lenyewe.

Faustini akaanza kupiga makofi. Rozina alikuwa analia na kucheka. Bizimana aliegemea mlango wa gari, akashusha pumzi ya mwaka mzima.

Mama bado alikuwa anapapasa. Mkono ukaiacha redio, ukapita juu ya gia, ukafika kiti cha usukani, ukakaa pale.

— Kama gari ni hili, mwanangu, aliuliza, basi mwenye gari yuko wapi?

Mikono ya Faustini ilibaki hewani. Mtangazaji aliendelea kusoma habari za mvua, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuinuka kumzima.